Watani wa Jadi: Usemi wa Njiani Uliopotea Uwanjani

Hakuna usemi wa michezo unaotamkwa mara nyingi katika nchi yetu kuliko huu wa "watani wa jadi". Zinapokaribia siku za Simba na Yanga kukutana, watangazaji huurudia usiku na mchana, magazeti huupamba kwa herufi kubwa, na mtoto ambaye hajui Tabora iko upande gani wa nchi hujua wazi kwamba watani wa jadi ni Simba na Yanga. Hatuna ugomvi na umaarufu huo. Ugomvi wetu ni juu ya maana. Twadai kwamba usemi huu, jinsi unavyotumiwa leo na wengi wa wale wanaolipwa kwa kazi ya kusema na kuandika, umepinduliwa. Kwamba neno lililokuwa kinga ya watu wasidhuriane sasa linafanywa kuni ya kuwashia chuki. Na twadai kwamba kosa hilo si dogo.

Tazama jinsi linavyoandikwa. "Uhasama wa watani wa jadi." "Vita ya watani." "Chuki za watani zafika kilele." Mhariri anayeandika "uhasama wa watani" ameweka pamoja maneno mawili yanayofukuzana, na hajui kwamba yanafukuzana. Hasimu ni mtu unayeshindana naye ukitamani aanguke na abaki chini. Mtani ni mtu uliyepewa ruhusa ya kumtukana kwa sababu umefungwa usimdhuru. Ruhusa na kifungo hicho ni kitu kimoja. Huwezi kuchukua kimoja sokoni ukakiacha kingine. Lakini ndivyo tulivyofanya: tumechukua matusi, tumeacha wajibu, kisha tumeyaita matusi hayo "jadi".

Kwa hiyo hatuna budi kurudi nyuma, tena kurudi kwa miguu, kwa njia ile ile ambayo utani wa makabila yetu ulitembea na kukomaa. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikapita Mpwapwa, ikavuka nchi kavu ya Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori ambalo jina lake latosha kulieleza. Aliyetoka salama katika pori hilo alifika Tura, mlango wa Unyamwezi, na kutoka hapo akaenda mpaka Unyanyembe, penye Tabora. Hapo njia iligawanyika: moja ikashuka kuvuka mto Malagarasi mpaka Ujiji, nyingine ikashika kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Wazungu Burton na Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, waliingia Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku zaidi ya 130. Vitabu vingi vinawasifu kwa kufika. Havisemi kwa sauti hiyo hiyo kwamba walifika kwa njia iliyokwisha kusawazishwa na nyayo za Wanyamwezi, ambao walikuwa wakienda pwani na pembe zao tangu miaka ya mwanzo ya karne ile, kabla Waarabu hawajajenga matembe yao Tabora.

Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtu wa kuburutwa. Katika karne hiyo wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na kijana ambaye hajapata kuiona bahari alichekwa na wenzake. Aliondoka wakati wa kiangazi, akitamani kurudi kabla ya mvua ili awahi shamba. Mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, ndiyo kilo 32 hivi, na juu ya mzigo huo aliweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Hatutaki kuipaka njia hiyo rangi ya asali. Njia ile ile ilipitisha minyororo ya watumwa. Kando yake waliachwa wagonjwa ambao hawakuweza kwenda tena, na katika Ugogo kila mtemi alidai hongo yake kabla msafara haujaruhusiwa kugusa kisima. Palikuwa na ndui, palikuwa na kiu, palikuwa na vita. Ni kwa sababu ya ukali huo wote ndiyo maana tunauliza: mtu wa kawaida, asiye na bunduki wala mali ya kuhonga, alipitaje mwaka baada ya mwaka katikati ya nchi za watu wasio ndugu zake na asiuawe?

Jibu lake moja ni utani. Wanyamwezi wakawa watani wa Wagogo, ambao maji yao waliyahitaji. Wakawa watani wa Wazaramo, waliokaa penye mwisho wa safari yao. Wakawa watani wa Wangoni, ambao walipigana nao pale Wangoni walipofika sehemu zile katikati ya karne ya kumi na tisa. Yaani penye haja palizaliwa utani, na penye damu palizaliwa utani. Mgeni aliyeingia kijijini kwa mtani wake hakuomba. Aliingia na matusi. Alisema nyumba hii inanuka, wenyewe wachoyo, kuku wenu wamekonda kama nyinyi, kisha akamkamata kuku mmoja na kudai apikiwe. Mwenye nyumba naye alimjibu kwamba afadhali msafara wa fisi kuliko wa Wanyamwezi, akamtukania sura, mzigo na mwendo, akampa maji. Aliyekasirika ndiye aliyekuwa na hatia, naye alitozwa faini. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo kiini cha hoja yetu. Katika utani kosa si kutukana. Kosa ni kukasirika. Watu wasiokuwa na polisi wala hati ya kusafiria walitunga sheria ambayo iliigeuza dharau, yaani kitu kinachoanzisha vita, kuwa salamu.

Wataalamu wameandika mengi juu ya desturi hii. Mmojawapo wa waandishi wa kwanza kukusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika alikuwa R. E. Moreau, ambaye kwa kazi alikuwa mtaalamu wa ndege, akikaa Amani katika Usambara. Makala yake yalitoka mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Twacheka kidogo tunapofikiri kwamba mchunguzi wa ndege aliusikiliza utani kwa makini kuliko baadhi ya wachunguzi wetu wa mpira. Wengine waliofuata wamebishana kama asili yake ni vita au ni biashara. Sisi hatuoni sababu ya kuchagua. Mtu anayepita kwako kila mwaka ama utapigana naye ama utakula naye, na kwa kawaida wazee wetu walianza kwa lile la kwanza wakamalizia kwa la pili.

Lakini kuku na maji vilikuwa sehemu ndogo. Wajibu mkubwa wa mtani ulikuwa msibani, na upo hadi leo mahali pengi. Mtu akifa, ndugu zake wanalia. Hawawezi kufanya kazi, na pengine wameanza kutazamana kwa shaka, nani kamroga, nani atarithi. Hapo ndipo mtani anapohitajika. Yeye huchimba kaburi. Yeye huzuia jeneza njiani na kudai alipwe deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake, mpaka mjane aliyekuwa hajanyanyua uso tangu jana hucheka bila kutaka. Yeye ndiye anayeruhusiwa kusema waziwazi kwamba marehemu alikuwa mchoyo au mlevi, jambo ambalo ndugu wote wanalijua na hakuna awezaye kulitamka. Na wakigombana wenye msiba, yeye husimama kati kwa kuwa hana urithi anaoungoja. Huyo ndiye mtani wa jadi. Asiyefika kukuzika hata kama alikutukana maisha yake yote, si mtani wako. Ni mtu aliyekutukana.

Sasa tuurudie uwanja. Watatuambia: Simba na Yanga si makabila, hakuna njia ya msafara kati yao, na klabu zenyewe zimeanzishwa juzi, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936; jadi hiyo ni ipi? Pingamizi hili lina nguvu, tena lina nguvu zaidi ukikumbuka masimulizi yanayokubaliwa na wengi kwamba waanzilishi wa Simba, iliyokuja kuitwa Sunderland kabla ya kuchukua jina lake la sasa mwaka 1971, walijitenga kutoka katika Yanga. Basi hao ni ndugu waliogawana nyumba. Lakini wahenga wetu hawakuuweka utani kati ya makabila peke yake. Babu na mjukuu wanataniana, shemeji na shemeji, mabinamu pia. Utani huwekwa mahali ambapo watu wako karibu mno kuweza kutengana na wanagongana mno kuweza kunyamaziana. Kama kuna sehemu ya mji wetu inayofaa maelezo hayo, ni mitaa ile kati ya Msimbazi na Jangwani. Kwa hiyo wale waliouita mchezo huu wa watani hawakukosea. Walijua neno wanalolichukua. Waliokosea ni warithi wao.

Tena kuna jambo jingine ambalo hatukuona likisemwa inavyostahili. Siku hizi imekuwa fasheni kuuita mchezo huu "Dabi ya Kariakoo". "Dabi" ni neno la Waingereza, lililotokana na mbio za farasi za bwana mmoja mkubwa wa kwao, zilizoanza mwaka 1780. Hatulikatai, ila twashangaa kuona watu wenye "watani" mkononi wakienda kukopa farasi. Lakini hilo "Kariakoo" je? Ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916 waliwaweka hapo watu waliokamatwa kubeba mizigo ya vita. Mwezi huo huo, tarehe 19, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa miongoni mwa waliobebeshwa, na katika vita vile wapagazi waliouawa na maradhi na njaa ni wengi mno kuliko waliouawa na risasi. Reli ilikuwa imekwisha fika Tabora tangu mwaka 1912, na watu walidhani kazi ya kubeba kwa kichwa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mahali walipolazwa ndipo palipoitwa Kariakoo, na ndipo zilipokuja kuota mizizi klabu hizi mbili. Mwisho wa njia ya wapagazi na nyumbani kwa watani wa jadi ni mtaa mmoja! Mtangazaji anayeutamka usemi wetu pale uwanjani anasimama juu ya nyayo za watu waliouleta, wala hajui.

Upo utani halisi katika mpira, na ni haki tuusifu. Yanga waliwafunga wenzao mabao 5–0 tarehe 1 Juni 1968, na watu ambao siku hiyo walikuwa hawajazaliwa wanaidai furaha hiyo kama deni la baba. Simba walilipa kwa 6–0 tarehe 19 Julai 1977, na wazee wa Msimbazi wataeleza kila bao kana kwamba lilifungwa asubuhi ya leo. Yanga waliposhinda 5–1 tarehe 5 Novemba 2023, kwa majuma mazima ilitosha mtu kukunyooshea vidole vitano kwa mbali, bila neno, nawe ukajua umesalimiwa. Ofisini, kwenye daladala, sokoni Tabora kwenye mafungu ya asali na karanga, watu wasiojuana wanafahamiana kwa dakika moja kwa njia hiyo. Huo ni utani wa Tura na Mpwapwa kabisa. Kuku amekamatwa, na hakuna aliyekasirika.

Ila upo mwingine, nao ndio tunaoupiga vita. Timu ya nje inapokuja kucheza na mmoja wao, mashabiki wa yule wa pili huenda uwanja wa ndege kuwapokea wageni, wakavaa jezi zao na kuwaimbia. Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023 na USM Alger, tuliwaona Watanzania waliokuwa Waaljeria kwa majuma mawili; Simba walipofika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025 na RS Berkane, tukawaona Watanzania waliokuwa Wamoroko. Watasema huo nao ni utani. Kwa kiasi fulani, ndiyo: jezi ya mgeni ni kejeli nzuri. Lakini tumewasikia pia wakisherehekea usiku kucha baada ya mchezo kwisha, na sauti zao hazikuwa za kejeli. Mtani wa Kigogo alimtukana Mnyamwezi mbele ya wageni wote, lakini msafara wa Mnyamwezi ulipovamiwa porini hakupiga ngoma.

Tuchukue tukio jingine ambalo kila mmoja analikumbuka. Mchezo wa watani uliokuwa umepangwa tarehe 8 Machi 2025 haukuchezwa siku hiyo. Simba walieleza kwamba usiku wa kuamkia mchezo walizuiwa kuingia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, wakatangaza kwamba hawatacheza. Mchezo ukaahirishwa, Yanga nao wakalalamika, barua zikaandikwa, na mwishowe ukachezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2–0. Sisi si mahakama ya mpira na hatumhukumu yeyote kati yao. Twasema juu ya neno tu. Katika majuma yale yote ya malumbano, vyombo vyetu viliendelea kuwaita "watani wa jadi" bila kuona haya, wakati mzozo mzima ulianza kwa habari ya mlango uliofungwa. Utani wote ulibuniwa kwa ajili ya mlango! Mtani ni yule asiyezuiwa mlangoni. Unaweza kumwambia kwamba ananuka, unaweza kumtoza maneno ya aibu mpaka jua litue, lakini huwezi kumwambia asiingie.

Tunajua kuna ndugu zetu watakaotuambia kwamba utani wenyewe ni mabaki ya ukabila, na afadhali neno hilo life likizikwa na mambo hayo. Hao hawakuutazama sawasawa. Ukabila husema: wangu ni wa kabila langu. Utani hauwezi hata kuanza pasipo mtu wa kabila lingine. Mnyamwezi peke yake hana mtani. Tangu serikali yetu ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumekuwa tukitafuta katika mila zetu yale yanayounganisha. Hili lilikuwa limekwisha unganisha kabla ya wizara, kabla ya reli, kabla ya bendera yoyote. Kinachofaa kuogopwa ni kile tunachokisikia siku hizi, mtu kuyasema makabila ya wenzake kwa dhihaka akiwa mbali, nyuma ya simu, mahali ambapo hatadaiwa kuku wala jembe la kuchimbia kaburi. Hayo hata yakiitwa utani mara elfu, ni dharau tupu.

Basi tunawataka wahariri na watangazaji jambo jepesi. Kiswahili si maskini. Mkitaka kusema wapinzani, andikeni wapinzani. Mkitaka mahasimu, neno lipo, na mtu aliyechoma jezi ya mwenzake au kumpiga jiwe shabiki aliyepotea njia anastahili kuitwa hasimu na si mtani. Mkiona kejeli safi iliyopokewa kwa kicheko, hapo ndipo mseme watani wa jadi. Na viongozi wa klabu, ambao wanapenda kulitumia neno hili katika hotuba, waulizwe kila mwaka ni misiba mingapi ya upande wa pili waliyohudhuria.

Wapo watu wa kawaida ambao hawahitaji kufundishwa. Tulipata kuhudhuria maziko Tabora, chini ya miembe ile mikubwa ambayo ni ukumbusho wa misafara. Marehemu alikuwa fundi cherehani, shabiki wa Yanga wa kufa na kupona, na ndugu zake walimfunika kwa kitambaa cha kijani na njano juu ya sanda. Jeneza lilipotoka uani, mzee mmoja aliyevaa jezi nyekundu ya Simba, iliyofifia mpaka karibu na waridi, alijilaza kifudifudi katikati ya njia. Akasema hapiti mtu. Akasema marehemu anadaiwa mabao sita ya mwaka 1977, na kwamba haiwezekani akaenda ahera kulipa deni kwa watu ambao si wenyewe. Wenye msiba wakabembeleza, akakataa. Akapewa shilingi elfu mbili. Akazihesabu polepole, akasema hizi ni za bao moja. Wanawake waliokuwa wakilia ndani walichungulia, na tulisikia kicheko kikitoka huko, kikikatika na kurudi. Mwishowe binti wa marehemu alileta jogoo, akamtupia. Mzee akainuka, akajipangusa vumbi, akamkabidhi jogoo kwa mtoto amshikie. Tulimwuliza jirani kama yule ni Mgogo au Mzaramo. Akasema hapana, ni Mnyamwezi kama marehemu, wamekaa mtaa mmoja miaka arobaini. Mzee akachukua jembe, akatangulia mbele ya jeneza kwenda makaburini.